Wembe wa kukunja, wembe wa saluni au kinyoleo cha viwembe: uanze na kipi Lubumbashi?

Mtu akiniambia anataka kuanza kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, namuuliza kwanza kama anapenda kunoa. Nyumbani kwake kisu cha jikoni kikiwa butu, nani hukinoa? Kama ni yeye, na anaona raha kukipitisha kwenye jiwe mpaka kikate nyanya bila kuibonyeza, basi tuna mazungumzo marefu. Kama kisu hukaa butu mwaka mzima na hakuna anayejali, namwonyesha njia nyingine, na tunabaki marafiki.

Nauliza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliingilia mlango mbaya. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, na ndani ya sanduku lake la vifaa kulikuwa na wembe wa kukunja wenye mpini mweusi, neno Solingen limechorwa kwenye shina la chuma. Alipofariki hakuna aliyeutaka. Nikauchukua, nikaunoa kwa jiwe la visu, nikajipaka sabuni ya kufulia, nikasimama mbele ya kioo. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, akachungulia mlangoni: "Papa, unafanya nini na hii kisu?" Nikamwambia aende kucheza. Dakika tatu baadaye nilikuwa nimejibana kitambaa shavuni, na ndevu zote bado ziko mahali pake. Wembe ulikuwa umekwangua ngozi ukaziacha nywele.

Tangu siku hiyo nimepita katika aina tatu za kunyolea, na zote ziko kwenye rafu ya bafu letu hadi leo. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu wa Lubumbashi, mwenye ndevu kama zetu, maji kama yetu na maduka kama yetu. Ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa na watu wenye ndevu zilizonyooka, ambao wembe ukiwashinda wanaupeleka kwa fundi wa kunoa na kuufuata Jumamosi.

Vyenyewe ni vipi

Wembe wa kukunja wa kweli ni kipande kimoja cha chuma kinachojificha ndani ya mpini wake. Wazee waliosoma kwa mapadri huuita coupe-chou, kikata-kabichi, na ukiutazama umbo unaelewa utani huo. Upana wa bapa lake kwa kawaida ni milimita 16 hivi. Mbavu zake zimechimbwa kuingia ndani, kwa hiyo chuma kilicho karibu na makali ni chembamba kiasi kwamba ukikigusa kwa ukucha unakiona kikipinda kidogo na kurudi. Hakuna cha kubadilisha humo. Ukitunzwa, unamnyoa babu na baadaye unamnyoa mjukuu.

Wembe wa saluni una umbo lilelile lakini hauna makali yake. Unauwekea nusu ya kiwembe cha pande mbili, unanyoa, unatupa. Wengine huuita shaveti. Vinyozi wetu wa Kenya (mtaa, si nchi), wa Katuba na wa Ruashi ndio wanaoutumia kuchonga mstari wa paji la uso mashine ikishamaliza kazi.

Kinyoleo cha viwembe unakijua hata kama hujawahi kukimiliki: kichwa cha chuma kinachofunguka, mpini mfupi, kiwembe kizima kimelala kati ya mabamba mawili na makali yanachungulia tu pembeni. Mashine ya umeme siiweki kwenye mashindano haya, ila itarudi tutakapofika kwenye ngozi.

Kunoa, kazi ambayo hakuna anayekuambia ukubwa wake

Wembe wa kukunja una kazi mbili tofauti ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi, na hiyo ni ya kila siku unayonyoa, kabla ya kunyoa. Ya pili ni kuunoa kwenye kinoo, na hiyo inakuja mara moja baada ya miezi miwili mitatu, kutegemea ugumu wa ndevu na uzuri wa mkono wako.

Mkanda hauondoi chuma cha maana. Unanyoosha makali yaliyolala na kuyasafisha. Mimi hupitisha mara 20 kwenye upande wa kitambaa kigumu, kisha mara 50 kwenye ngozi. Mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata nyuma, na ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Sheria ni hiyo moja, na niliivunja wiki ya pili. Nilikuwa na haraka, mkono ukageuza upande usio wake, nikasikia sauti ndogo kama ya karatasi, na mkanda ukabaki na mdomo wazi wa urefu wa kidole. Mkanda huo nilikuwa nimetengenezewa na fundi viatu wa soko la Kenya: ngozi ya ng'ombe isiyopakwa rangi, upana sentimita 7, urefu nusu mita, pete ya chuma upande mmoja wa kuning'iniza mlangoni. Nilipomrudishia, aliutazama akatazama na kidevu changu. "Yaya, bora umekata ngozi ya ng'ombe," alisema, akiniita kaka. Akaupunguza, akausugua upya kwa chupa ya bia mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, na mkanda huo mfupi ndio ninaoutumia hadi sasa.

Kwa hiyo mkanda si tatizo hapa kwetu. Tatizo ni kinoo.

Vinoo hupimwa kwa namba, na namba ikipanda jiwe linakuwa laini zaidi. Wembe ulioharibika huanzia 1000, ambako makali yanajengwa upya, halafu 4000, 8000, na wengi humalizia 12000. Jiwe la jikoni, lile la kijivu linalouzwa pamoja na visu, ni sawa na kulima bustani kwa tingatinga. Makali ya kunyolea yanataka jiwe ambalo ukiligusa kwa kidole unadhani ni kioo. Mawe hayo huwezi kuyapata kwa kuzunguka Lubumbashi siku moja. Yanakuja na mtu anayetoka Afrika Kusini, au na kifurushi, au na ndugu aliyeko Ubelgiji. Hao wa Ubelgiji wana bahati yao: milima ya Ardennes ina jiwe la asili la rangi ya krimu liitwalo coticule, limejaa chembe ndogo sana za ganeti, nalo limenoa nyembe za Ulaya kwa karne nyingi. Langu lililetwa na binamu yangu likiwa limefungwa ndani ya soksi. Ni kipande kisichozidi urefu wa kiganja, lakini mimi sikibadilishi kwa simu mpya.

Katika kunoa kwenyewe kuna jambo moja la kufurahisha, na ndilo lililonifanya nisiache. Kisu cha jikoni kinakutaka ushikilie pembe kwa mkono, na mkono hutetemeka. Wembe wa kukunja umeshapimiwa pembe yake tangu kiwandani: mgongo ni mnene kwa makusudi, na unaponoa unaulaza wembe kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Unene wa mgongo ukigawanywa kwa upana wa bapa unatoa pembe ya nyuzi 16 au 17 hivi, daima ileile. Kazi yako ni kutoinua mgongo na kutobonyeza. Mtu mwenye subira anajifunza hilo. Mwenye kubonyeza anakula chuma cha bure, na mgongo unazidi kuwa bapa mwaka hadi mwaka mpaka pembe inaharibika.

Ukitaka kujua kama umefika, shusha wembe polepole juu ya vinyweleo vya mkono bila kugusa ngozi. Vikianguka vyenyewe, uko karibu. Visipoanguka, hata ukinyoa kwa dua hutanyoa.

Kabla hujanunua wa kweli

Katika masoko ya mtandaoni, na siku hizi hata kwa wauzaji wa mikononi, kuna nyembe za kukunja zenye mpini wa mfupa wa plastiki, nakshi za joka na bei ya kuchekesha. Nilinunua mmoja. Chuma chake ni laini, kinapokea makali asubuhi na jioni kimeyasahau. Hilo ni umbo la wembe tu. Mpe mtoto aigizie tamthilia, baada ya kuusugua ukawa butu kabisa.

Majina ya kuamini ni ya miji zaidi kuliko ya maduka: Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza, Thiers ya Ufaransa. Neno Solingen linalindwa kwa sheria nchini Ujerumani tangu 1938, ingawa mtu wa mbali akiamua kuliiga hakuna askari atakayemkimbiza. Dovo, mtengenezaji mmoja wa Solingen, alianza mwaka 1906, mwaka uleule ambao Union Minière iliundwa. Wembe mpya wa kiwango hicho unavuka euro 100 kwa urahisi, na hapo bado hujanunua jiwe.

Wa zamani ni nafuu, na mji huu umejaa wazee ambao masanduku yao hayajafunguliwa tangu wastaafu. Ukiuletewa mmoja, usitazame mpini, tazama makali kwenye mwanga wa dirisha. Kutu ya mgongoni au shinani inasuguliwa na kuisha. Kutu iliyotoboa vishimo kwenye makali yenyewe ni habari nyingine: kila ukinoa unakutana na kishimo kipya, na makali yanabomoka kama ukuta wa udongo. Ufa, hata mdogo kama unywele, maana yake ni kuurudisha sandukuni.

Wembe wa saluni: rahisi kununua, mkali wa tabia

Watu wengi wa mambo haya huudharau. Wanasema haufundishi wembe wa kweli kwa sababu ni mwepesi mno, hauna sauti, na pembe za kiwembe chake ni kali kama jino la panya. Yote hayo ni kweli. Wembe wa kukunja ulionolewa vizuri una uzito unaotulia shavuni, na unapokata ndevu unatoa mkwaruzo mdogo unaokuambia unaendaje. Kiwembe kipya kilichobanwa kwenye wembe wa saluni kiko kimya. Kinakata ndevu kimya, na kinakukata wewe kimya, unajua tu ukiona povu limekuwa la waridi.

Hata hivyo mimi namwambia mtu wa Lubumbashi aanzie hapo, na sababu yangu si bei. Anayeanza na wembe wa kukunja hapa, ambako hakuna wa kumnolea, akishindwa hajui alichoshindwa. Je, ni mkono? Ni pembe? Au ni makali yaliyokufa? Mimi nilijilaumu mkono kwa miezi mitatu, kumbe mkono ulikuwa tayari na wembe ndio ulikuwa kisu cha siagi. Wembe wa saluni unaondoa shaka hiyo. Kiwembe ni kipya, kimetoka kwenye karatasi sasa hivi, kwa hiyo kosa likitokea ni lako, na kosa la mkono linarekebishika.

Kuvunja kiwembe nako kuna adabu yake. Usikitoe kwenye karatasi kwanza. Kikunje kikiwa bado ndani ya karatasi yake, kwa urefu, mpaka usikie "tak", kisha toa nusu mbili. Nusu moja hunyoa mara moja au mbili kwa ndevu ngumu. Zilizotumika ziweke kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko uliotobolewa tundu jembamba, usizitupe hivihivi kwenye mfuko wa taka ambao mtoto wa jirani atakuja kuupekua.

Kinyoleo cha viwembe

Nitakuwa mfupi hapa, kwa sababu kifaa chenyewe hakina maneno mengi. Kampuni ya King C. Gillette ilianzishwa Marekani mwaka 1901, na mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, iliuza vinyoleo 51 na viwembe 168 tu. Watu hawakuona haja. Miaka michache baadaye waliiona, na haja hiyo haijaisha: kujifunza kwake ni siku tatu, kiwembe kimoja kinanyoa mara tatu hadi tano, na ukijikata umejitahidi mwenyewe.

Cha kuangalia ni chuma. Vya bei ndogo ni vya aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na siku uzi wa mpini unapokatika hauungiki. Ukipata cha shaba nyeupe-njano, kile kizito, kichukue. Hapa nacheka kidogo: hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na vyote viwili vimechimbwa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa. Jimbo zima liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Na bado kinyoleo cha shaba tunakisubiri kutoka ng'ambo.

Kama mchezo, kinyoleo hakina utamu. Asubuhi ya Jumatatu, lakini, hakina mpinzani.

Ngozi ndiyo inayoamua

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, ila watu husoma habari za vyuma kwa hamu zaidi.

Ndevu zetu nyingi ni za kujikunja. Unywele wa kujikunja ukikatwa chini sana, unabaki na ncha kali ndani ya tundu lake, na unapoota tena unajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani au kuingia upya pembeni. Ngozi inaona kama imeingiliwa na mwiba, inavimba. Hivyo ndivyo vipele vya shingoni na chini ya taya ambavyo vijana wengi hudhani ni uchafu wa saluni. Wakati mwingine kweli ni saluni, lakini mara nyingi ni kunyoa karibu mno.

Vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe tatu au tano ndivyo vibaya zaidi hapa: wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukata ukiwa umevutwa, na unaporudi umeshazama chini ya ngozi. Makali moja, katika vifaa vyetu vyote vitatu, ni nafuu kubwa. Lakini wembe wa kukunja una mtego wake. Kila mafunzo yanakuambia uvute ngozi ikaze kama ngoma, kisha upite mara tatu: kuelekea nywele zinakoota, kukatiza, halafu kinyume. Kwa ndevu zilizonyooka ni sawa. Kwa zetu, kukaza sana na kupita kinyume ni kualika vipele kwa kadi ya harusi.

Mimi hunyoa mara moja tu, kuelekea nywele zinakoota. Kwanza acha ndevu siku mbili, pitisha kidole shingoni na utafute upande usiokwaruza. Utashangaa. Upande wangu wa kushoto chini ya taya nywele huota kuelekea sikioni, na miaka yote nilikuwa nazikata kinyume bila kujua. Ngozi naikaza kiasi tu cha wembe kutokwama. Uso unabaki na kivuli kidogo, na mtu anayetaka shavu la kioo ataona sijamaliza. Sijawa na kipele tangu nikubali kivuli hicho.

Kwa kigezo hiki ushindi ni wa wembe wa kukunja ulionolewa vizuri, kwa sababu makali yake ni ya upole kuliko ya kiwembe kipya, na unaweza kuuona mstari unaoukata. Kinyoleo cha viwembe kinafuata, ukikiacha kisibonyezwe. Wembe wa saluni ni wa mwisho.

Ila kama vipele umeshakuwa navyo, usianze chochote. Acha ndevu zikue wiki nne hivi, kisha punguza kwa mashine ukiacha milimita moja. Na kama makovu yako huvimba na kukua kuliko jeraha lenyewe, baki na mashine moja kwa moja. Mchezo huu si wako, na hakuna aibu humo.

Damu

Jambo fupi lakini zito. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 na zaidi, na kuuchovya wembe kwenye pombe kali hakutoshi kuuita salama kwa mtu mwingine. Ndiyo maana saluni zilihamia kwenye viwembe vya kutupa. Kinyozi akikunyoa, taka uone karatasi ya kiwembe ikifunguliwa mbele yako, na usijali akikunja uso. Nyumbani pia: baba na mtoto, kaka na mdogo wake, kila mtu na wake.

Maji, sabuni, majira

Birika langu huota utando mweupe, na maji yanayofanya hivyo hayapendi povu. Sabuni ya kufulia itakupa povu la dakika moja linalokauka ukiwa bado kwenye shavu la kwanza. Tafuta sabuni ya kunyolea na brashi, loweka brashi kwanza, na uongeze maji kidogo kidogo hadi povu liwe kama mtindi mzito unaong'aa. Maji ya mvua yaliyokingwa yanafanya kazi vizuri ajabu. Mke wangu aliyagundua kabla yangu, kwa nywele zake.

Juni na Julai asubuhi hapa chuma ni cha baridi kali, na ndevu ni ngumu kama waya. Weka kitambaa cha maji moto usoni dakika mbili. Ukifika Novemba na mvua, adui anabadilika na kuwa kutu. Wembe wa kukunja wa chuma cha kaboni ukiachwa na tone moja la maji usiku mmoja, asubuhi una doa la kahawia. Ufute, uache wazi ukauke, kisha upake tone la mafuta ya cherehani. Vingine viwili havikudai heshima hiyo.

Shabu, ile pierre d'alun ya sokoni, inunue kwa vyote vitatu. Ukiipitisha kwenye uso wenye maji baada ya kunyoa inafunga vikato vidogo, na inakuonyesha bila huruma mahali ulipobonyeza.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Kama hujawahi kunoa kitu na huna hamu, nunua kinyoleo cha viwembe, na usimruhusu mtu yeyote akuone mvivu. Kama unasafiri sana, vilevile: pale uwanja wa ndege wa Luano wembe wa aina yoyote huingii nao ndani ya ndege, lakini kinyoleo bila kiwembe ni kipande cha chuma tu, na viwembe unavinunua ukifika.

Kama unavutiwa na umbo la wembe wenyewe, ile hali ya kusimama mbele ya kioo na chuma wazi mkononi, chukua wembe wa saluni kwa miezi miwili. Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu, kidevu na shingo vimalizie kwa kifaa ulichozoea. Ulaze wembe kabisa shavuni, kisha inua mgongo nyuzi 30 hivi. Usiusogeze kwenda kando, kama mtu anayekata mkate. Wembe unaosogea kando hukata nyama hata ukiwa butu. Ukianguka usiudake. Ukitaka kuusafisha, usiugonge kwenye bomba.

Miezi miwili ikipita, na ukajikuta jioni unatazama picha za vinoo badala ya mpira, basi umeshajijibu. Anza na jiwe, wembe ufuate baadaye. Watu hufanya kinyume, wananunua wembe wa euro 150 na kuufungia kabatini baada ya wiki sita, ukiwa butu, na hakuna wa kumpelekea. Kwa hesabu ya pesa tupu wembe wa kukunja hauwahi kukurudishia gharama haraka kama wanavyodai; jiwe, mkanda na wembe pamoja vinanunua viwembe vya miaka mingi sana. Unalipia Jumamosi asubuhi, nusu saa ya kimya, mlango wa bafu umefungwa na redio ya jirani inasikika kwa mbali.

Wembe wa babu niliurudia nilipopata coticule. Ulinichukua jioni nne. Vishimo viwili karibu na kisigino cha makali sikuweza kuvitoa, kwa hiyo sehemu hiyo siitumii, lakini iliyobaki inanyoa. Mwanangu sasa ana miaka kumi na mitano na kivuli cha masharubu, na juzi aliniuliza lini nitamwachia ile kisu. Nimemnunulia kinyoleo chake na pakiti ya viwembe. Na kila Jumapili namwachia visu vya jikoni avinoe, nione.